Nduru ya Bitutu

Muhuru Bay, 3 Mei 2020

Kemuma,

Wewe mtoto, mbona umepotea hivi? Krismasi ulisema utakuja Pasaka. Mkungu wa ndizi niliokuwekea umeiva, umeoza, nimewapa mbuzi. Usinitajie korona. Korona imekuja juzi, wewe ulikuwa umeshapotea.

Haya, hujambo? Kifua je? Unakula? Sisi tuko. Leonida mguu umemshinda, hatoki kitandani bila mimi. Anasema nikukumbushe kwamba aliyekubeba mgongoni ni yeye, si mimi, kwa hivyo yeye ndiye wa kukukasirikia kwanza. Babu yako alituacha zamani na bado sisi wake zake tunashindania mjukuu.

Ziwa limepanda. Limemeza sukuma wiki yangu yote, limemeza choo cha Obare, mdogo wa babu yako, sasa limefika mgomba wa kwanza. Ukuta wa nyuma wa Leonida ukiugusa ni baridi kama samaki.

Anayeandika ni Nasteha wa duka la vitambaa, kwa simu yake. Ungejifunza Kikisii cha baba yako nisingekopa Kiswahili cha watu.

Nyanya yako,
Bitutu

Homa Bay, 10 Mei 2020

Nyanya yangu,

Nimeinama. Nichape kwanza, ndipo nikusalimie. Mguu wa Nyanya Leonida unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila kazi imelala. Ukumbi wetu wa michezo umefungwa na mikutano imekatazwa, kwa hivyo kundi letu linaigiza kwa video. Mchezo unahusu ziwa na haya mabadiliko ya tabianchi. Kila mwigizaji anasimama peke yake kwenye mlango wa nyumba iliyoingiwa na maji, barakoa usoni, haneni kitu. Mwisho inasikika nduru moja tu.

Tumejaribu wenyewe, Nyanya. Tunasikika kama mbuzi. Mimi nakumbuka ile yako, siku jiko la babu Obare liliposhika moto. Nikopeshe hiyo sauti. Nasteha atairekodi. Mambo yakilegea nitakuja.

Mjukuu wako,
Kemuma

Muhuru Bay, 17 Mei 2020

Mjukuu wangu,

Salamu tumezipokea, kiboko nimekuhifadhia.

Kwanza nilikataa. Nduru si wimbo. Huku ukiipiga, hata uliyekosana naye anakuja, ugomvi mtaumalizia baadaye. Mtoto akiipiga kwa mchezo anachapwa, hata wewe ulichapwa. Lakini Leonida akaniambia, "Bitutu, mpe mtoto. Unamwekea nani?" Basi nikasimama nyuma ya duka la Nasteha nikaipiga.

Kemuma, walikuja. Obare alitoka kwa Osoro kinyozi na ndevu nusu, povu linamtiririka shingoni. Wanawake waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, waliwaacha waliwe na kuku. Huyu ana panga, yule ana ndoo, barakoa hakuna hata moja. Nikawaambia ni ya Kemuma, ya video. Wakacheka. Obare hakucheka. Akaniuliza, "Na siku ya kweli, shemeji?" Nikamwambia aende akamalize ndevu.

Hilo neno tabianchi Nasteha amenieleza mara mbili. Mimi najua maji yamefika mgomba wa pili.

Kula.

Nyanya yako

Homa Bay, 20 Juni 2020

Nyanya,

Habari ya hapo? Afya? Nyanya Leonida je? Mimi leo nina furaha sana. Video imetoka, inapita simu hadi simu. Bodaboda wa hapa wanaifungulia kwa spika. Wengine wameifanya mlio wa simu, mtu akipigiwa unalia wewe. Hata Osoro amenitumia ujumbe, anasema anawafungulia wateja wake kwa spika ya kinyozi kila siku kabla ya muziki. Na jana mtu wa ofisi ya kaunti alinipigia akauliza hizo nyumba ziko wapi. Anasema watakuja kupima.

Mwambie Nyanya Leonida alisema kweli kukwambia unipe. Nitamletea sweta. Nakuja Julai, naapa.

Kemuma wako

Muhuru Bay, 29 Julai 2020

Kemuma,

Leo sisalimii. Leonida ametuacha.

Ilikuwa mchana, siku ya soko. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelowa, ukamwangukia pale kitandani. Alikuwa bado anaongea. Alisema, "Bitutu, ita watu."

Nilitoka nikapiga nduru. Nikapiga tena. Watu nilikuwa nawaona barabarani, namwona mama mmoja anachagua vitunguu. Hakuna aliyekuja. Walidhani ni spika ya Osoro. Mmoja aliponiona mlangoni alinipungia mkono.

Nikarudi ndani nikachimba udongo kwa vidole. Obare alipopita kuniletea chumvi alinikuta bado nachimba, na Leonida alikuwa amenyamaza.

Nasteha analia akiandika. Naye alisikia. Anasema alitabasamu akaendelea kupima kitambaa. Nimemwambia aandike na hayo.

Tulimzika tukiwa watu kumi na tano tu kwa amri ya korona, chifu akihesabu. Wote walinitazama nianze nduru ya msiba. Sikupiga. Sikujua wangesikia nini.

Nyanya

Homa Bay, 6 Agosti 2020

Nyanya,

Nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta. Video nimeiondoa, lakini iko kwenye simu za watu na huko sifiki. Ule ukuta wewe ulinitajia. Nilisoma kwamba ni baridi, nikakujibu habari za mchezo.

Siwezi kuja kusimama mbele yako. Sweta ninayo bado.

Kemuma

Muhuru Bay, 14 Februari 2021

Kemuma,

Mpaka lini? Nimenyamaza nikidhani utachoka kuona haya, kumbe ninayechoka ni mimi. Hujambo lakini? Unakula? Mimi magoti yananisumbua, kwingine ni mzima. Nimehamia huku juu, chumba nyuma ya duka la Nasteha. Anapika chai tamu kupita kiasi na sijui kumkataza.

Wale wa kaunti walikuja wakapima. Wakasema ni ile nduru iliyowaleta. Nyumba zote za chini zimehamishwa, watu wamelala pakavu. Kwa hivyo iliita watu, Kemuma. Iliita wa mbali.

Osoro aliniletea ile spika yake niivunje. Nikamwambia arudi nayo kazini, ila muziki uwe mdogo.

Nimekukasirikia mpaka hasira imeisha. Mimi pia nilipenda kusikika. Nasteha akinionyesha ile video nilikuwa namwambia airudie, Leonida akicheka.

Sasa sikiliza. Utakuja. Ukishuka barabarani usipite njia ya nyuma kama mwizi. Leonida tulimzika kwenye shamba la Obare, huku juu maji yasikofika, utaona udongo bado mwekundu. Anzia pale kwa Osoro. Barakoa ishushe, upige nduru yako mwenyewe, utembee nayo mpaka kaburini. Itakuwa ya mbuzi, najua. Wewe piga tu. Na sweta uje nayo, nitaivaa mimi.

Wasipotoka wengine, mimi nitatoka.

Nyanya yako,
Bitutu