Mama Morenike Hajawahi Kujiona

Gbolahan, upo? Nimefanya jambo baya.

Ule utepe wa Mama Morenike umekwisha. Utepe mkuukuu vile huchezeka mara moja tu, nami sikubonyeza kurekodi nakala. Mimi, niliyebandika ukutani onyo la "Rekodi kwanza"! Nilitaka kujaribu sauti kwanza kabla hajafika. Utepe ukapita mara moja tu, utando wenye picha ukabanduka wote, likabaki vumbi la kahawia kwenye mashine.

Ulikuwa ndio utepe pekee uliobaki wa siku ile. Unajua alivyosoma habari mwaka ule Ibadan ilipopata televisheni ya kwanza. Walitangaza moja kwa moja, kwa hiyo mji mzima ulimwona isipokuwa yeye.

Mama akaingia na kilemba kipya cha gele kichwani, kama anakwenda harusini. "Fundi, leo nami nitajiona!"

Nikamwambia, "Mama, utepe umeharibika." Umeharibika, Gbolahan. Sikusema nimeuharibu.

Kisha akauliza, "Lakini wewe uliniona?"

"Nilikuona, Mama."

"Nilikuwaje? Marehemu mume wangu alisema nilipendeza, lakini yule alikuwa mwongo, hata chumvi ikizidi alisifia."

Gbolahan, sikumtazama hata kidogo. Macho yangu yalikuwa kwenye mashine muda wote, nikiangalia utepe usikatike. Niliisikia sauti yake tu.

Nikasema, "Ulipendeza sana, Mama. Ulitabasamu."

Akanishika mikono yote miwili, akaniombea dua. Amenishukuru, Gbolahan. Amenishukuru!

Sasa yuko hapo nje kwenye simu na binti yake. Nasikia, "Fundi ameniona! Ngoja nikupe akusimulie mwenyewe."

Ananiita.