Malkia na Mkongojo

Jumatatu, 14 Julai
Nimechambua mchele, nimekaa. Magoti yanauma. Hayamhusu mtu. Zuhura, mjukuu wangu, yuko likizo ya chuo, kaja na kompyuta ina mchezo wa ufalme. Kanifanya malkia. Maandishi ya Kiingereza, ananisomea yeye. Nilidhani vita. Kumbe fitina tupu: nani amwoe nani, nani ananong'ona na nani. Ni shughuli ya harusi ya hapahapa Kariakoo, wamekosa sare tu.

Nimeupenda. Simwambii.

Jumanne, 15 Julai
Tumewekeana sharti. Nikipinduliwa kabla hajarudi chuo Jumapili, nitatembelea ule mkongojo walioniletea wanangu kwa ajili ya magoti. Nimeuficha nyuma ya kabati. Nikibaki na kiti changu, asiutaje tena mpaka nife. Mkongojo! Mimi niliyekuwa natoka Feri kwa miguu na ndoo ya samaki kichwani.

Jumatano, 16 Julai
Nimefanya karamu. Zuhura kasema nisimwalike waziri, ana njama. Lakini mtu mnapakana ukuta, utapikaje pilau harufu imfikie usimwite? Nimemwita. Kamtilia sumu kaka yangu. Mshenzi! Nimepiga meza, chai yote chini. Mama Neema, wa duka la vitenge hapo chini, kapanda mbio kuuliza nani kafa.

"Kaka wa malkia," Zuhura kamjibu.

Mama Neema kacheka mpaka kakaa sakafuni. "Shikamoo malkia! Wanakupindua lini?"

Sikuitikia.

Ijumaa, 18 Julai
Nusu ya askari wako kwa waziri. Mkongojo naona unanichungulia. Zuhura anataka nimfunge waziri. Mtoto huyu hana akili, mfungwa ana ndugu. Nimefanya karamu nyingine. Safari hii nimemkalisha ubavuni kwangu, sahani moja mimi na yeye. Mtu hatii sumu anapotia mkono wake. Kaondoka ameshiba. Papo hapo nikamwoza binti yangu kwa mwanawe. Haya, nipindue sasa, umwangushe na mjukuu wako ajaye!

Askari wakarudi kwangu. Mama Neema, ambaye siku hizi duka kamwachia dada yake aje kutazama, kapiga vigelegele. Vya Kichaga, lakini vimefika. Nimecheza mpaka kanga ikanivuka. Raha gani hii, nilikuwa wapi miaka yote?

Jumapili, 20 Julai
Malkia kafa asubuhi, kwa uzee, kitandani kwake. Kiti kakirithi binti yake. Nimeshinda. Zuhura kanibusu, kaenda stendi. Mkongojo hakuutaja. Ni mtu wa ahadi, kanirithi mimi.

Nyumba kimya. Nakumbuka picha ya mwisho ya mchezo. Malkia kazeeka, kasimama na fimbo mkononi, watu wote wameinama. Siku zote alikuwa nayo. Sikuitazama tu.

Nimeutoa nyuma ya kabati, nimeufuta vumbi. Hakuna aliyenishinda. Nimeshuka nao ngazi, taratibu, mpaka dukani. Mama Neema kauona. Hakucheka. Kasimama.

"Shikamoo, malkia."

"Marahaba."