Mafundo Mekundu ya Baba

Temeke, Jumamosi alasiri. Mvua imenyesha tangu asubuhi, bila upepo wala radi. Imekatika sasa hivi na mtaa mzima umenyamaza. Hata kuku hawasikiki.

Leo nimeumbuka mbele ya baba yangu.

Baba haoni. Alikwenda vita vya Burma na macho yake mawili, kombora likampasukia karibu, akarudi kwetu Songea akiwa ameshikwa mkono. Kitu cha mwisho alichokiona, husema, ni weupe. Nilipopata kazi ya ualimu huku nikaja naye.

Miaka mitatu iliyopita nilimsomea gazetini habari ya wavuvi wa Kijapani. Wamarekani walijaribu bomu lao mbali baharini, majivu meupe yakawaangukia wavuvi hao, nao wakaugua.

"Ni mbali kiasi gani?" akauliza.

"Mbali sana, baba."

"Basi hiyo mbali nionyeshe."

Nikatwaa shuka la marikani, nikanakili ramani ya dunia kutoka kwenye atlasi ya shule, nikashona kingo za nchi kwa uzi mweusi mnene ili vidole vyake vizisome. Kila jaribio la bomu lililotajwa gazetini nililiwekea fundo jekundu mahali pake, dogo, gumu, kama punje ya mtama. Tulirudi nyuma mpaka ile miji miwili ya Japani. Nilimwambia yale hayakuwa majaribio. Akasema iwekwe.

Mwanzoni nilifurahi. Tulikuwa na kitu cha kufanya pamoja.

Kisha Bahari ya Pasifiki ikaanza kuota vipele, kama mwili wa mtoto mwenye surua. Jangwa la Amerika nalo likaota. Nyika za Warusi. Australia, wanakojaribia Waingereza hawa hawa wanaotutawala. Baba alishinda na shuka magotini, kidole kikitembea polepole, kikisimama, kikitembea tena. Siku ya fundo jipya alikuwa hali chakula. Siku moja alikataa maji ya mvua tuliyokinga. "Hayo majivu yakishapaa," aliniuliza, "yanashukia wapi?"

Mwalimu mzima, nikakunja gazeti nikaenda kuosha vyombo.

Kwa hiyo nikaacha kushona. Nikawa namsomea bei ya nazi na habari za mpira, na nikifika kwenye habari za mabomu naruka. Akiuliza kama wamejaribu tena, namjibu, "Wamepumzika, baba." Mwaka mzima. Akaanza kula vizuri, mashavu yakamjaa.

Uongo wangu ulimnenepesha.

Leo Mzee Salim, Mwarabu mwenye duka hapo kona, alikimbilia barazani kwetu kujikinga na mvua. Nikamwamkia shikamoo, nikaingia kuchemsha chai. Mzee Salim ana redio ya betri na hupenda kuhadithia aliyoyasikia. Nikiwa jikoni nikamsikia anamwambia baba, "Dunia imeharibika, bwana. Juzi tu Warusi wamelipua jingine. Na Waingereza nao wamehamia visiwa vya huko Pasifiki. Mwaka huu hawapumui!"

Mvua ilipopungua mgeni akaondoka, na baba akaniita.

"Agnesi."

"Abee, baba."

"Lete shuka."

Alipapasa bahari yote, kisha Urusi, kisha akarudia. "Ya mwaka huu yako wapi?"

Nikaanza kulikunja shuka; akalishika.

"Umenipofusha mara ya pili," akasema. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Kisha akaniambia nikalete sindano.

Magazeti nilikuwa nayo yote chini ya godoro langu. Sijui kwa nini nilishindwa kuyatupa. Tukaketi mkekani, yeye ameshika upindo wa shuka kulivuta, mie nasoma, nashona, nasoma, nashona. Nilipofika kwenye vile visiwa sindano ikagoma. Mafundo yalikuwa yamepandana na kitambaa kimekuwa kigumu kama ngozi. Nilipovuta uzi kwa nguvu, shuka likajikunja. Asia na Amerika zikasogeleana mbele ya macho yangu.

Baba aliusikia mkunjo. Akapima kwa shubiri kutoka visiwani mpaka pwani yetu, akapima tena.

"Inapungua," akasema.

Nilitaka kumtuliza. Hiyo ndiyo sababu pekee, naapa. Nikatunga uzi wa kijani, nikashona fundo moja pwani ya kwetu, hapa hapa Temeke, apate pa kupumzishia kidole. Nikamshika mkono nikamwekea pale, natabasamu kama mjinga.

Mkono wake ukaganda.

"Hapa wamepiga lini?"

"Hapana, baba! Hapo ni nyumbani. Ni sisi. Nimetumia uzi wa kijani."

"Kijani," akasema. "Vidole vyangu vinajuaje kijani?"

Alivuta mkono akaufumbata kifuani kama mtu aliyeungua. Nikalikata fundo haraka kwa mkasi, nikachomoa nyuzi zote, nikalainisha pale kwa ukucha. Nikamwomba ajaribu tena. Akapapasa muda mrefu, ameinamisha kichwa kana kwamba anasikiliza.

"Pametoboka," akasema.

Niliinua shuka dirishani. Kweli. Kitundu kidogo cha mkasi, na mwanga unapita.

Nilimwomba radhi. Akasema nisimfiche tena, kwamba afadhali akose usingizi kwa kitu anachokijua. Nikamwahidi. Nilipompelekea chakula akala matonge mawili. Sasa amelala, au anajifanya amelala.

Jumatatu gazeti litafika shuleni. Nitamsomea yote neno kwa neno, na kila fundo nitalishona akiwa ameshika shuka. Hilo nimeliamua.

Ila sijui sauti yangu itafanyaje siku nitakayokuta, katikati ya habari, jina la mahali tunapopajua.