Kuku wa Msibani

Korogwe, Jumanne, baada ya isha

Bado namwona yule Mnyamwezi wa reli, kofia mkononi. Askari walimkamata na kuku wa nyumba yenye msiba, na kushtaki mbele ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, ni kazi yangu mimi akida. Nikasema ni mwizi, ingawa nami ni Mzigua na utani wetu na Wanyamwezi naujua, hata wa kubeba kuku msibani.

Mjane akainuka. "Bwana mkubwa, huyu ni mtani wetu. Kachukua haki yake. Tangu nimzike mume wangu, ni yeye tu aliyenichekesha."

Mzungu hakuelewa, lakini alimwachia. Kesho huenda akaniuliza mbona nilimletea shauri la namna hii. Naogopa kidogo.

Hata hivyo nimemwambia mke wangu: siku nikifa, asiwafungie kuku.