Kadi Ilivyokula Maua ya Dada

Alhamisi. Joto la kugandisha shati mgongoni, hata vivuli vya vichochoro vya mtaa wetu wa Kuze leo havifai kitu. Lakini mimi nacheka peke yangu kama mwehu.

Shule niliiacha kidato cha pili, au ndiyo iliyoniacha, tusichimbue. Duka la mtandaoni nimelijenga mwenyewe, kwa simu iliyopasuka kioo. Dada Zuhura, fundi wa hina, huchora maua kwenye karatasi; mimi huyauza picha moja moja, kila picha na malipo yake, shilingi hamsini, kwa wanawake wa ng'ambo wanaotaka kujipamba kama wa kwetu.

Jumatatu niliuza kumi kwa mpigo. Barazani nilijitapa nina wateja kumi, mpaka wenzangu wakaniita Tajiri.

Kumbe kadi inakula.

Kampuni inayonipokelea malipo ya kadi hukata asilimia kidogo, sawa, halafu inaongeza shilingi thelathini kwa kila malipo. Hata ua moja! Jana nilipompa dada fungu lake, alilitazama, akanitazama.

"Mkono wangu, macho yangu, na mashine ndiyo yala? Kesho jioni uyatoe maua yangu humo. Nampa mwenye saluni kule Buxton."

Niliogopa, wallahi. Bila maua ya dada, duka langu ni kioo kilichopasuka tu.

Leo asubuhi ukaingia ujumbe wa Bi Rukia, mzaliwa wa hapa hapa aliyeolewa ng'ambo. Wale wateja wangu kumi ni yeye peke yake!

"Wewe mwana, nimemnunulia bi harusi na wapambe wake. Nimelipa mara kumi, benki ikanifungia kadi ikidhani nimeibiwa! Kwani kwenu harusini mwauza ubani punje punje?"

Niliruka nikagonga kichwa kwenye rafu.

Ni kweli, nani huja kwa dada peke yake? Bi harusi huja na mashoga na mashangazi, mkeka ukajaa, na mlipaji ni mmoja. Mimi ndiye niliyewapanga foleni, nikakatwa kwa kila kichwa.

Basi nikayafunga maua kumi pamoja: Furushi la Harusi, mia tano. Mtu analipa mara moja, zile thelathini zinaondoka mara moja. Nikamjulisha Bi Rukia, na kabla ya adhana ya adhuhuri, shoga yake anayemwoza binti keshanunua la kwanza!

Nilimkimbilia dada na fungu lake. Alinuna kwa nguvu ili asicheke.

"Enhe, na mwenye saluni je?" nikamchokoza.

"Nyamaza, mwana mjinga we. Bi harusi hana miguu? Nipe karatasi nichore ya miguuni."

Maua hayatoki tena dukani!

Sasa limebaki moja tu. Kesho barazani, Tajiri mzima, nitawaambia kwamba wale wateja kumi walikuwa mama mmoja?

Labda Jumamosi.