Mchanga Kitini Pako

Mama Rukia,

Assalamu alaikum, na uniwie radhi. Tangu tulipokuzika sijakuandikia hata mstari mmoja, mimi niliyekuwa nikiwasimamisha wanafunzi mlangoni kwa kuchelewesha insha. Sikukosa kalamu. Nilikosa uso.

Pikipiki yetu ingali hai. Tairi la nyuma ndilo lililokwisha. Nyuzi zimeanza kuchungulia. La mbele linafuata, na la kigari cha pembeni pia. Unaona, bado naandika hivyo. Wewe ulikiita ubavu. Nilikuambia kwamba ubavu ni sehemu ya mwili, wala haufungwi kwa bolti. Ukacheka, ukaingia, ukajitandia leso, ukasema, "Kwani Hawa alitoka wapi, Mwalimu? Haya, endesha."

Ulipoondoka niligundua kwamba kigari kitupu hakitulii. Kila nikipinda kushoto, gurudumu lake huinuka. Basi nikajaza mchanga katika gunia, nikaliweka kitini pako. Jua likawa linalichakaza gunia, nikalifunika kwa leso yako ya zambarau. Sikuwa na nia mbaya.

Siku moja nilisimama Msambweni kwa Bi Mwanasiti, yule muuza mihogo. Macho yake yamefifia, na habari za msiba hazikuwa zimemfikia. Aliliinamia gunia akasema, "Mama Rukia, siku hizi huniamkii? Umeninunia?"

Mimi, ninayewasahihisha watu hata matangani, sikumsahihisha. Kisha nikasema, "Amelala." Nikaondoka kabla hajanipa mihogo yangu. Neno moja, halina kosa la kisarufi, na lilikuwa uongo. Tangu siku ile nikienda Lunga Lunga hupita pale bila kugeuza kichwa, kama mwizi.

Sasa dada yako, Bi Mwanaidi wa Moa, ameniletea salamu mara ya pili. Anataka kulizuru kaburi lako. Mgongo wake hauyawezi magari ya abiria. "Shemeji," anasema, "nifuate na kile chombo mlichokuwa mkinijia nacho." Sijamjibu. Kumjibu ni kukubali kwamba mtu mwingine ataketi hapo, nami naona haya kukuambia kwamba gunia nililivumilia kuliko ninavyoweza kumvumilia dada yako.

Nilikwenda kwa fundi wa Ukunda. Akaniwekea matairi mawili mbele. "Mwalimu, tairi hii ama hii?"

"Tairi hili," nikamwambia.

"Haya, hili. Lakini hapo kando hukaa nani?"

Nilimwambia tu kwamba huenda nikaenda Moa. Akanieleza kwamba nikikiondoa kigari, nichukue tairi la uso wa mviringo, kwa kuwa pikipiki italala kwenye kona. Nikikiacha, haitalala kamwe. La mviringo litaliwa katikati tu, liishe kabla safari haijaisha. Nichukue ya uso bapa, matatu ya kipimo kimoja, ili la akiba lifae popote. "Na njia ya mawe kama hiyo ya Moa, tazama kwanza mbavu, hizi kuta za pembeni. Mawe hukata mbavu."

Kumbe hata tairi lina mbavu. Miaka yote ile nilikukatalia neno lako, na neno lilikuwepo.

Jana niliurudisha mchanga ufukweni, hapa Mwabungo. Nilirejea polepole, nikiegemea upande wako kila penye kona ya kushoto. Leso nimeifua, nimeikunja. Kesho, inshallah, nitasimama kwa Bi Mwanasiti nimwambie umekufa. Hilo nimekwisha kuliamua. La matairi bado. Mkono unataka bapa, moyo unauzuia.

Mwenyezi Mungu alinurishe kaburi lako. Nitakapoamua nitakuandikia, siku hiyo hiyo, bila kuchelewa. Nikikuambia kwamba nimenunua matatu ya uso bapa, utajua kuna mtu ubavuni.

Mumeo,
Mwalimu