Ukuta Mweupe wa Zimamoto

Mjukuu wangu Wanjiku,

Hapa Kimumu tuko, Mungu ametuweka. Nyanya yako ameanika mahindi na mvua inamsumbua, lakini anakusalimia.

Uliniuliza kwa simu kama nimefurahi kusikia vituo vya zimamoto vitawekewa feni za kutoa moshi. Nakujibu kwa barua hii.

Nikiwa kijana kazini zimamoto, mimi na wenzangu tulilala chumba kilichopakana na gereji ya gari la zimamoto. Kila asubuhi dereva aliwasha injini kuipima, na moshi wa dizeli ukatufuata kitandani. Ukuta ulikuwa mweusi kama sufuria ya kuni. Tuliomba feni mpaka tukaambiwa wakubwa wa bajeti wanakuja kujionea. Tulishangilia! Mkubwa wetu akasema, "Wageni hawapokelewi kwa uchafu." Tukasugua ukuta, tukaupaka rangi nyeupe, tukasukuma gari nje. Wageni wakanywa chai, wakatusifu kwa usafi, wakaenda. Feni haikuja.

Niliolala nao chumba kile nimewazika, kifua kiliwamaliza. Moshi wa nyumba za watu zilizoungua waliuingia na barakoa. Wa kwao waliuvuta wakiwa usingizini.

Jana nilipita kituoni kusalimia vijana. Niliwakuta na brashi na ndoo ya rangi nyeupe. Mmoja akaniambia kwa furaha, "Mzee, wageni wa zile feni wanakuja kesho kujionea!"

Niliwasihi wauache ukuta ulivyo. Wakacheka.

"Ai, Mzee, unataka tuaibike?"

Ni mimi,
Guka wako